Koti la Mahkama Halipandi Daladala

Siku niliyopokea barua ya kuajiriwa kuwa msaidizi wa mawakili katika afisi moja ya Mji Mkongwe, nguo zangu zote za kuvaa kazini zilikuwa suti moja nyeusi, mashati matatu na jozi moja ya viatu ambavyo soli ya mguu wa kulia ilikwisha kuanza kufumuka. Suti hiyo alininunulia kaka yangu kwa ajili ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na kwa kuwa siku ile niliivaa kwa saa chache tu, tena chini ya hema lililotiwa feni, sikuwa nimeijua tabia yake. Nilikuja kuijua mwezi wa Februari, kaskazi imekaza, nikiwa nimebanwa nyuma kabisa ya daladala ya Fuoni, upande mmoja mama aliyepakata pakacha la maembe na upande wa pili ubavu wa gari uliokwisha kupata moto.

Ilikuwa suti ya tetroni tupu, yaani kitambaa cha nyuzi za plastiki, imetiwa bitana mwili mzima mpaka mikononi. Kitambaa cha namna hiyo hakinywi jasho wala hakipitishi upepo, kwa hiyo jasho hukaa pale pale kwenye ngozi, likilowesha shati kidogo kidogo hadi mgongo mzima unagandana na bitana. Nilipoteremka Darajani kola yangu ilikuwa imelegea kama kitambaa cha kufutia meza. Nilipoingia afisini, saa mbili kasorobo za asubuhi, karani wetu mkuu, mzee ambaye sote tulimwita Ami, alinitazama kuanzia mabegani mpaka viatuni, kisha akauliza kwa upole: "Mwanangu, umepita njia ya Darajani, au umeruka baharini Forodhani pamoja na wale watoto?"

Hakusubiri jibu. Alinionyesha msumari uliokuwa nyuma ya mlango wa chumba cha majalada, akanipa henga ya mti, akasema, "Koti la mahkama halipandi daladala." Tangu siku ile koti langu lilihamia afisini, nami nikawa nasafiri na shati tu, ndani yake singilendi ya pamba ambayo hunywa jasho kabla halijafika kwenye shati. Siku za kwenda mahkamani nilikuwa nachukua shati la pili, limekunjwa ndani ya bahasha kubwa ya karatasi ili lisikunjamane, nikalivaa baada ya kufika na kupoa kidogo. Jambo hilo dogo ndilo lililoniokoa mwaka wa kwanza, kuliko suti yoyote niliyoshona baadaye.

Mkataba wangu wa kazi haukueleza kitu kuhusu mavazi zaidi ya maneno mawili, "mavazi ya heshima", na mtu mgeni katika kazi hii anaweza kudhani kuwa maneno hayo yanajitosheleza. Ukweli ni kwamba heshima yenyewe hubadilika kufuatana na mahali jalada linapokupeleka siku ile. Ilinichukua miezi kadhaa kulifahamu hilo, na nililifahamu kwa kuwaangalia wakubwa zangu zaidi kuliko kwa kuambiwa.

Mahkamani hapana mjadala. Wakili anayesimama Mahkama Kuu huvaa suti ya rangi ya giza, shati jeupe, vile vitambaa viwili vyeupe vinavyoning'inia shingoni, na juu ya yote joho jeusi. Mimi nilikuwa sijaapishwa, kwa hiyo joho halikunihusu. Kazi yangu ilikuwa kubeba majalada na kukaa nyuma ya wakili nikimpa karatasi anazozitaka. Hata hivyo nilitakiwa nivae kama yeye, kuondoa joho na vile vitambaa, kwa sababu jaji anapoitazama meza huiona yote. Katika mahkama zilizorithi utaratibu wa Kiingereza ipo desturi ya zamani ambayo jaji humwambia wakili aliyevaa visivyo kwamba "hamwoni", na wakili asiyeonekana hawezi kusikilizwa, hata kama hoja zake zina nguvu kiasi gani. Nilipokuwa chuoni nililiona jambo hilo kuwa ni ushamba wa wakubwa. Nilipokaa nyuma ya meza ile na kumwona mteja wetu, mjane aliyekuwa akigombea nyumba ya urithi, akitutazama kila dakika ili aone kama tunajiweza, mawazo yangu yalibadilika. Yule mama hakujua kifungu hata kimoja cha sheria. Alichoweza kukipima ni sura zetu.

Hapa Unguja neno joho lina historia yake, na sioni vibaya kulisema hili kwa kupita. Kabla halijawa vazi la mawakili lilikuwa vazi la masultani na wakubwa wa Kiarabu, vazi refu lililotariziwa kwa uzi wa dhahabu, huvaliwa juu ya kanzu. Hilo la mawakili lilikuja na Waingereza, walioviweka visiwa hivi chini ya himaya yao mwaka 1890, nasi tukaliita kwa jina lile lile tulilokwisha kuwa nalo. Waingereza walituachia joho, lakini hawakutuachia baridi yao ya kulivalia.

Kwa hiyo jambo la kitambaa ndilo kubwa kuliko yote, na hapo ndipo ninapomshukuru fundi mmoja wa kichochoroni Mkunazini. Nilimpelekea mita 3 na nusu za kitambaa cha buluu iliyokoza, nilichoambiwa na muuzaji kuwa ni sufu safi kabisa. Fundi alikishika, akakifinyanga ngumi nzima, akahesabu kimya kimya, akafungua mkono. Mikunjo ilibaki pale pale. Kisha akachomoa uzi mmoja pembeni, akauwasha kwa kiberiti. Uzi haukutoa harufu ya nywele zilizoungua wala haukuacha jivu la kusagika vidoleni. Uliyeyuka ukajikunyata, ukaacha kishanga kidogo cheusi, kigumu kama mbegu ya mpapai. "Hii plastiki, shekhe," alisema, akakizungusha kishanga kile ukuchani. "Nikushonee suti au nikushonee mwavuli?"

Niliufuata ushauri wake. Kitambaa kile nilikirejesha kwa ubishi mwingi, nikaongeza akiba ya miezi miwili, nikapata sufu nyepesi iliyochanganywa kidogo na tetroni ili isichoke haraka. Sufu watu wa huku huiogopa kwa kudhani ni nguo ya baridi, ilhali kinachotesa ni uzito wake na mfumo wake: ikifumwa nyepesi na kwa nafasi, hupitisha hewa, hunywa unyevu, na usiku mmoja wa kutundikwa huinyoosha bila ya pasi. Kitani nacho ni baridi, ila kwa saa mbili za kukaa hukunjamana kama karatasi ya vitumbua, na mimi sikithubutu kwa kazi ya mahkamani. Koti nilimwomba fundi alitie bitana nusu, yaani mabegani na mikononi tu, mgongo uachwe wazi. Kitambaa na ushoni vilinigharimu shilingi 210,000. Kwa mshahara wa msaidizi ni fedha nyingi, lakini suti hiyo bado ninayo, ilhali ile ya mahafali ilikwisha kung'ara makalioni kabla mwaka haujamalizika.

Fundi aliniuliza pia swali ambalo sidhani mafundi wa kila nchi huliuliza: suruali iishie juu ya vifundo vya miguu au ivifunike? Wengi wetu hapa tunashikamana na kutoburuza nguo, na suruali fupi chini ya koti rasmi inaweza kumfanya mtu aonekane kama amekua ghafla. Suluhisho alilonipa ni rahisi: pindo liishie pale kifundo kinapoanza, na soksi ziwe ndefu, za rangi ile ile ya suruali, ili jicho lisione pengo. Akaongeza nafasi kidogo mapajani na makalioni. Umuhimu wa nafasi hiyo niliuona kwa mwenzangu mmoja aliyependa suruali za kubana, ambaye mshono wake uliachia katika sijda ya pili ya sala ya Adhuhuri, na akashinda siku nzima amejifunga sweta kiunoni, akimweleza kila mteja kuwa anasikia baridi.

Tai nilizitafuta kwa tahadhari ya namna nyingine. Tai zinazosifiwa madukani ni za hariri, na hariri kwa mwanamume Muislamu haifai kuvaliwa, kama isivyofaa dhahabu. Hivyo nilijifunza kusoma kibandiko cha nyuma kabla ya kuangalia rangi. Nina tai tatu tu, zote za rangi tulivu, na sijaona aliyenihesabia. Vifungo vya mikononi vya kuchomeka niliviacha baada ya wiki moja, kwa sababu mtu anayetawadha mara mbili kwa siku akiwa kazini atakuja kukiacha kimoja pembeni ya bomba.

Viatu vilinipa shida kubwa zaidi. Afisi hupenda viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kamba. Msikiti hupenda viatu vya kuvua kwa haraka. Nilichagua vya kamba kwa siku za mahkama na vya kuchomeka mguu kwa siku nyingine, nikadhani nimemaliza. Ijumaa moja, baada ya sala, nilitoka nje nikakuta mahali pa viatu vyangu pana ndara mbili za mguu wa kushoto. Nilikuwa na mteja saa tisa, mtu aliyetoka ng'ambo kwa ajili ya kukodi ardhi ya kujenga hoteli. Bahati yangu ni kwamba siku hiyo nilivaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, kama afisi yetu inavyoruhusu Ijumaa, na Ami alikuwa na makubadhi yake ya akiba chini ya meza. Makubadhi na kanzu vilikwendana vizuri kiasi kwamba mteja alinisifu. Tangu hapo viatu vya ngozi siviendei msikitini hata siku moja. Masika navyo huvijaza magazeti na kuvitoa juani kila linapochomoza, kwani ukungu wa Mji Mkongwe huweza kukigeuza kiatu cheusi kuwa kijani kwa wiki moja ya mvua.

Siku za mashamba suti niliiacha kabisa, na hilo nililijua kwa makosa. Tulikwenda upande wa Nungwi kukagua kiwanja chenye ugomvi wa mipaka, nami nikavaa kama ninayekwenda mbele ya jaji. Mawe ya matumbawe yalizikwaruza ncha za viatu vyangu mpaka zikawa nyeupe, lakini hasara kubwa ilikuwa kwa wazee tuliokwenda kuwahoji, ambao walipoona koti na tai walidhani tumetumwa na serikali, wakajibu kila swali kwa "hatujui". Juma lililofuata nilirudi na suruali ya kaki, shati la mikono mirefu lililokunjwa mpaka kwenye viwiko, na raba. Nikakaribishwa mkekani, nikaonyeshwa mnazi wa mpaka na aliyeupanda.

Mambo mengine ni madogo. Urojo sili mchana nikiwa na shati jeupe, kwa sababu manjano yake haitoki hata kwa dobi hodari. Kanzu za Ijumaa mama huzifukiza udi, nami humwomba afukize kidogo, kwani chumba cha majalada hakina dirisha.

Mtihani wa mwisho ulikuwa safari ya Pemba, tulipokuwa na kesi Chake Chake. Sikujua nitalifikishaje koti salama kwa meli ya kwenda bandari ya Mkoani, hadi Ami aliponifundisha: ligeuze bega moja ndani nje, liingize bega la pili ndani yake, lilaze koti kwa urefu juu ya kanga, kisha lizungushe taratibu kama mkeka. Mama alinipa kanga yake kongwe, iliyolainika kwa kufuliwa. Meli ilisukwasukwa tangu tulipoiacha Nungwi, abiria walitapika mpaka kwenye ngazi, na mimi nilikumbatia mzigo ule kifuani kama mtoto mchanga. Asubuhi, nje ya mahkama, niliufungua. Koti lilikuwa halina kunyanzi hata moja. Nililivaa, nikafunga kifungo cha juu, nikaacha cha chini, tukaingia. Wakili wa upande wa pili alikuwa hakufika. Kesi ikaahirishwa, nami baada ya dakika kumi na moja nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya nje, nalizungusha tena ndani ya kanga.