Siku tunafungua ngitili: siku moja maishani mwangu, Kishapu, Shinyanga

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla ya alamu ya simu maana usiku kucha nilikuwa nawaza hii siku. Leo tunafungua ngitili. Kwa ambao hamjui, ngitili ni neno la Kisukuma, ni kipande cha malisho ambacho ukiona mvua zimeanza unakifunga, ng'ombe haingii, shoka haliingii, majani yanakua mpaka yanakauka yakiwa yamesimama hivohivo, halafu kiangazi kikishakolea unafungua kidogokidogo. Wengi huku wameanza kufungua tangu mwezi wa saba. Mimi nimevumilia mpaka leo katikati ya mwezi wa nane, na nyie msiofuga hamjui kuvumilia huko kunauma kiasi gani ukiangalia mbavu za ng'ombe zinahesabika.

Saa 12 tumeanza kukamua. Tuna ng'ombe 14, wanaokamuliwa ni 3 tu na wote watatu leo hawajafika hata lita 2. Kulwa akaniuliza mama maziwa ya kwenda kuuza yako wapi, nikamwambia leo hatuuzi, wape ndama na bibi yenu chai. Tumekunywa na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) na karanga, basi, hapo ni asubuhi imekamilika.

Saa 1 na nusu nimeenda ngitilini na panga na kamba ya mkonge. Ni ekari 7 tu, upande mmoja una minyaa kama uzio na upande mwingine tunaweka matawi ya miba. Nimeigawa vipande vinne, cha kwanza ndo kinaliwa leo, na cha pili hakiguswi mpaka cha kwanza kiishe kabisa, hapo ndo watu wengi wanapokosea, anafungua yote kwa mpigo, ng'ombe wanachagua tamu wanakanyaga nyingine, wiki mbili huna kitu na mvua bado mbali mpaka Novemba huko.

Ukiingia ndani, kitu cha kwanza unachosikia ni ubaridi wa udongo miguuni. Nje pale ardhi ni ya luseni, yaani kichanga, mchanga unaunguza na upepo unaupeperusha, ila hatua kumi tu ndani kuna majani yaliyooza chini na ukichimba na kidole kuna unyevu, mwezi wa nane huu! Kwale wameruka mbele yangu kama sita hivi. Nimepita kwenye visiki vyangu. Mimi miche ya kununua nimepanda michache mno maishani, miti karibu yote iliyomo humu ni migunga na mikwaju iliyochipua yenyewe kwenye visiki vya zamani, mizizi ilikuwa hai chini miaka yote hiyo ila kila chipukizi likitoka mbuzi analikata. Kazi yangu ni kuangalia kisiki chenye machipukizi 10 au 15, naacha matatu yaliyonyooka, mengine napogoa, na yale yaliyobaki natoa matawi ya chini ili nguvu iende juu. Fito ninazopogoa ndo kuni zangu, sijanunua mzigo wa kuni mwaka wa nne sasa.

Saa 3 ng'ombe wameingia. Jamani. Maksai yule mkubwa alisimama kwanza getini kama hajaamini halafu akashusha kichwa na hakukiinua tena. Hatuingizi wote siku ya kwanza, tunaanza na ndama, wanaonyonyesha na maksai wanne. Kuhusu maksai nisisitize maana watu wanaona ngitili ni ya maziwa tu. Mvua ya kwanza ikinyesha mwezi wa 11 mwenye maksai wenye nguvu analima siku ileile, mwenye maksai waliokonda anasubiri wiki mbili tatu wale kwanza majani mapya, na kwa mvua zetu hizi wiki tatu ni mavuno yote. Kwa hiyo mtama wangu na pamba yangu vinaanzia humu kwenye majani makavu.

Saa 5 nimekaa kivulini na mama mkwe, alitaka aje aone mwenyewe, tukamleta na baiskeli. Yeye kila mwaka siku hii anasimulia na mimi kila mwaka nasikiliza. Anasema baba yake alikuwa kwenye watu waliofyeka misitu enzi za mkoloni, waliambiwa wafyeke ili mbung'o wafe, na mbung'o walikufa kweli ila miti haikurudi, ikaja pamba ikala iliyobaki. Halafu miaka ya 70 operesheni vijiji ikawahamisha, wakaacha ngitili za ukoo bila mwenyewe, zikakatwa. Anakumbuka kupikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba. Anakumbuka kutoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua la mchana. Mpaka mwaka 1986 serikali ilipoanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwanzoni walikuja na miche ya kitaluni, watu wakapanda wee ikafa mingi, mpaka walipokaa chini na wazee wakauliza nyie zamani mlikuwa mnafanyaje, ndo ngitili ikarudi. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizojulikana mkoa mzima zilikuwa kama hekta 600. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ikapewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mimi kinachonigusa siyo tuzo, kinachonigusa ni kwamba dawa ilikuwa kwa wazee wenyewe muda wote.

Saa 7 mchana ugali wa mtama na nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) za karanga. Kabla sijanawa mikono pikipiki imeingia, shemeji yangu, mdogo wake na marehemu mume wangu. Nilijua anakuja na nilijua anachokuja nacho. Anataka tulime dengu kwenye ngitili.

"Mwangaluka mayu," akamwamkia mama yake salamu ya asubuhi ya Kisukuma, huku ni mchana kabisa, bibi akacheka.

Halafu akanigeukia mimi. "Shemeji, sijaja kugombana. Mtoto anaenda chuo mwezi wa kumi, sina kitu. Ekari saba zimekaa tu pale."

"Hazijakaa tu shem. Twende ukaone."

Tukaenda. Sikumlaumu na simlaumu hata sasa, ada ni ada, na hii ardhi ni ya ukoo, ana haki yake. Nikamuonyesha maksai, ambao na yeye ndo wanamlimia. Nikamwuliza, tukilima hapa, Septemba hawa watakula wapi? Mwaka juzi majirani wasio na ngitili walipeleka ng'ombe mnadani wakiwa mifupa, wakauza kwa bei ya mbuzi, yeye mwenyewe alikuwepo akaona. Na dengu hutoa msimu mmoja mvua ikikubali, tena hii ni luseni, dengu inataka mbuga nyeusi, hapa tutavuna nini? Akanyamaza. Nikamwambia basi tufanye hivi, kipande cha nne majani yake ni marefu, tukate tuuze ya kuezekea, fito nitakazopogoa mwezi huu zote uza wewe, na mizinga miwili ya nyuki ikivunwa asali yote iende kwa mtoto. Hakusema ndiyo. Alisema nitaangalia.

Saa 9 nimepita kwenye kikao, kuna mifugo ya mtu iliingizwa usiku kwenye ngitili ya jirani. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wamempiga faini, amekubali, imeisha haraka. Bila hilo hakuna ngitili itakayodumu hata mwezi, uzio wa miba unazuia mbuzi, hauzuii mtu mwenye njaa ya ng'ombe wake.

Saa 11 jioni tumewatoa. Ng'ombe hawataki kutoka, Doto ametumia nusu saa nzima. Mimi nimezunguka kulima barabara ya moto, yaani ukanda wa kuzuia moto usivuke, mita kama tatu hivi upana, nakwangua mpaka udongo uonekane. Miaka miwili iliyopita sikuifanya mapema, mtu alikuwa anarina asali upande wa pili akaacha kijinga cha moto, kipande kizima kikaondoka kwa saa moja. Machipukizi ya miaka mitano. Nililia siku ile kama nimefiwa, na mwaka uliofuata visiki vilevile vikachipua tena.

Saa 2 usiku. Nimeoga, miguu imevimba. Ng'ombe wamelala wanacheua zizini, sauti ambayo sijaisikia wiki nyingi maana ng'ombe asiyeshiba hacheui sana. Mama mkwe yuko nje anasikiliza mbweha wanalia upande wa ngitili, ananiita nije na mimi nisikie, anasema kuna miaka alidhani wamekwisha.

Meseji ya shemeji imeingia sasa hivi: "Mzigo mmoja wa majani ya kuezekea huko mnauzaje?" Nimemjibu bei, na nimemwambia Jumamosi aje na mundu.