"Siku hizi nasahau sana" sio utani

"Aah, uzee huo!" Hilo jibu nimelichoka jamani. Mama anasema mwenyewe kabisa kwamba majina yanampotea, sisi watoto tunacheka, stori zinaendelea. Wakati mtu mpaka kafungua mdomo kusema hivyo keshaliwaza usiku peke yake muda mrefu tu.

Tuwekane sawa, kulalamika unasahau sio demensia, yaani ile hali ya ubongo kudhoofika, kumbukumbu na akili zinapungua mpaka mtu anashindwa shughuli zake za kila siku. Wengi wenye malalamiko hayo hawaipati, ila tafiti zilizowafuatilia wazee kwa miaka zinaonyesha hatari yao iko juu kama mara mbili hivi kuliko wasiolalamika, kwa hiyo ni jambo la kufuatilia. Kusahau miwani umeweka wapi halafu ukakumbuka baadae, hiyo hata mimi. Lakini kuuliza swali lilelile kila baada ya dakika chache na kwake ni jipya, au kupotea njia anayopita kila siku, au mtu aliyekuwa anashika hesabu za nyumba nzima leo anaangalia chenji mkononi haelewi, hapo mpelekeni hospitali. Na mara nyingi akifika hapo yeye ndo halalamiki tena, anawaambia yuko fiti, nyie ndo mnaona.

Tena kuna usahaulifu unaotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi kuzubaa, sonona, usingizi mbovu, hata dawa. Zile dawa za mzio za zamani zinazoleta usingizi zinaweza kumvuruga mzee akili vibaya na hakuna anayezishuku maana ni "dawa ya mafua tu". Bebeni kila anachomeza, mkimwage mezani kwa daktari.

Na masikio! Asiyesikia vizuri, jina halijampotea, halikuingia tangu mwanzo. Ripoti ya jarida la kitabibu The Lancet ya 2024 ilitaja vihatarishi 14 vya demensia vinavyoweza kupunguzwa, kutosikia vizuri kumo, presha imo, kisukari, sigara, upweke, wakakadiria kama asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuilika au kuchelewa. Halafu watu wanavaa miwani bila shida ila kifaa cha masikio eti aibu.

Mkienda, andikeni kabisa ilianza lini na mmeona nini, msimjibie kila swali, mwacheni ajieleze kwanza, yenu mtamwambia daktari pembeni.