Chupa za Mjomba

Mwaka 2011 mjomba wangu alikuwa na pikapu ya Kijapani iliyotengenezwa mwaka 1987, yenye injini ya petroli inayotumia kabureta, ambayo aliitumia kushusha ndizi kutoka Marangu hadi soko la Mbuyuni mjini Moshi. Injini hiyo ilikuwa imeanza kutoa moshi wa bluu, na oili ilipungua kiasi cha kumlazimu kusafiri na galoni ya akiba nyuma ya kiti. Mjomba hakuwa mtu wa kukimbilia gereji. Kila alipoona dalili mpya alipita kwenye duka la spea na kutoka na chupa: ya kuzuia moshi, ya kusafisha kabureta, ya kuipa petroli nguvu, na hata moja iliyodai kuchukua nafasi ya risasi, yaani madini ya ledi, iliyokuwa imeondolewa katika petroli. Wauzaji waliziita zote dawa, naye alizihifadhi katika boksi chini ya kiti cha abiria, kwa hiyo aliyeketi hapo alisafiri magoti yakiwa juu.

Jumamosi moja ya mwezi Julai tuliipeleka pikapu kwenye gereji moja ya Pasua ili ibadilishwe oili, na mjomba alikusudia kwamba oili mpya imiminwe pamoja na ile dawa ya kuzuia moshi. Fundi, mtu wa makamo mwenye maneno machache, aliipokea chupa, akaisoma pande zote, kisha akaiweka juu ya benchi bila kuifungua.

"Mzee, moshi huu unatoka wakati gani?" aliuliza.

"Unatoka tu, fundi. Gari limezeeka."

Fundi hakuridhika na jibu hilo, akanigeukia mimi. Nilimweleza nilichokuwa nimekiona mara nyingi nikiwa nimeketi nyuma juu ya mikungu: tukipanda na mzigo hapakuwa na moshi wa kutisha, lakini tukiteremka kutoka Marangu kwa gia, mguu wa mjomba ukiwa umeachia mafuta, kisha tukafika Himo na mafuta yakakanyagwa tena, wingu zito la bluu lilitoka na kuwafunika wapanda pikipiki waliotufuata.

Maelezo hayo, ambayo kwangu yalikuwa habari ya kuchekesha tu, ndiyo yaliyobadilisha kazi ya siku ile. Fundi alitufafanulia kwamba gari linaposhuka mlima kwa gia, mlango wa hewa wa kabureta hujifunga huku pistoni zikiendelea kuvuta, hivyo ndani ya injini hutokea mvuto mkubwa ambao huifyonza oili pembezoni mwa mashina ya valvu endapo sili zake za mpira zimekauka. Oili hiyo hujikusanya, na dereva anapokanyaga mafuta huungua yote kwa mkupuo. Ringi za pistoni zilizokwisha zina tabia tofauti, kwa kuwa hutoa moshi hasa pale injini inapobeba mzigo mlimani. Moshi wa rangi moja, kwa hiyo, unaweza kuwa na vyanzo viwili, na chupa iliyokuwa juu ya benchi haikuuliza ni kipi.

Mjomba alitaka uthibitisho, nami nadhani alikuwa na haki. Fundi alifungua plagi zote nne, akafunga geji ya kupimia kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwenye tundu la silinda ya kwanza, akaniagiza nikanyage mafuta hadi mwisho na kuzungusha stata. Silinda zote zilisoma kati ya pauni 145 na 150 kwa inchi ya mraba. Mjomba, aliyekuwa na kitabu cha gari lile, alisema kwamba kitabu kinataka zaidi ya 160. Fundi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akamwambia kwamba kitabu kiliandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi pwani: Moshi iko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, na geji haina budi kusoma pungufu. Kisha alimimina kijiko cha oili ndani ya kila silinda na kupima upya. Ringi zingekuwa zimekwisha, oili ile ingeziba nafasi na mshale ungepanda kwa kiasi kikubwa, lakini mshale ulisogea kidogo tu. Ringi zilikuwa nzima.

Ndipo alipoifungua ile chupa. Alichovya msumari ndani yake, na mwingine katika oili mpya, akaiinua yote miwili mbele ya macho yetu. Oili ilidondoka haraka, ilhali dawa ilining'inia kama asali kabla ya kujivuta hadi chini. Huo ndio ulikuwa uwezo wake wote wa kuzuia moshi, yaani kuifanya oili iwe nzito ili ipite kwa shida palipolegea. Fundi alimuuliza mjomba analala wapi na gari hilo, ingawa alijua jibu. Asubuhi za Julai kule Marangu ni za baridi kali, na oili iliyonenepeshwa huchelewa kufika juu kwenye valvu injini inapowashwa, wakati ambao ndio chuma hulika zaidi.

Baadaye nilisoma zaidi juu ya jambo hili na kuelewa sababu nyingine ambayo fundi hakuitaja. Oili ya injini inapotoka kiwandani huwa tayari imechanganywa na viungo vya kusafisha uchafu, vya kuzuia masizi yasigandamane, na vya kulinda chuma kisisagike, hasa vile vyenye zinki na fosforasi, navyo huweza kufikia sehemu ya kumi ya ujazo wake au zaidi. Mtengenezaji amevipima ili vifanye kazi pamoja. Anayeongeza chupa juu yake anaongeza kitu ambacho kwa kawaida kimo tayari, pasipo kujua kama uwiano umebaki salama.

Sili mpya zilipatikana kwa bei ndogo kuliko nilivyotarajia. Mjomba alihofu kwamba silindahedi italazimika kufunguliwa, jambo ambalo lingekula fedha za ndizi za mwezi mzima, lakini fundi aliagiza kamba. Kijana wa gereji alileta ya katani, ikarudishwa kwa sababu ya nyuzi zake zinazonyonyoka, ikaletwa ya nailoni. Fundi aliingiza kamba hiyo kupitia tundu la plagi hadi ikajaa ndani ya silinda, akaizungusha injini polepole kwa spana mpaka pistoni ikaibana kamba juu na kuzishikilia valvu mahali pake. Sasa aliweza kutoa springi na kung'oa sili za zamani bila valvu kudumbukia ndani. Sili zilizotoka zilikuwa ngumu kama kucha. Nilipokunja moja ilivunjika. Zipo dawa za oili zenye kemikali za kulainisha na kuvimbisha mpira mkavu, nazo husaidia kidogo sili ambayo bado ina uhai, lakini kwa ile iliyovunjika mkononi mwangu sioni zingefanya nini.

Wakati kazi ikiendelea mjomba alilileta boksi lote. Chupa ya risasi ndiyo iliyozua mjadala wa maana. Nchi za Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na ni kweli kwamba risasi ilikuwa ikizikinga siti za valvu, yaani mahali valvu zinapokalia zikijifunga, katika injini za zamani zenye chuma laini. Fundi alisema kwamba jirani yao mwenye Land Rover ya miaka ya sitini angefanya busara kuitumia, lakini pikapu ya mjomba ilitoka katika nchi iliyokuwa imekwisha kuhamia petroli isiyo na risasi, kwa siti zilizotengenezwa ngumu. Dawa ya kusafisha njia ya mafuta aliiruhusu, akionya kwamba jeti ya kabureta iliyoziba kabisa hufunguliwa kwa mkono. Ile ya nguvu ya petroli aliisukuma pembeni. Kipindi hicho uchakachuaji ulikuwa gumzo nchi nzima, kiasi kwamba mwaka huohuo serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili yasiwe na faida kuchanganywa na mafuta ya magari. Ikiwa injini inagonga kwa sababu umeuziwa mafuta ya taa, alisema, badilisha kituo cha mafuta.

Jioni tulipanda Marangu, na asubuhi tuliteremka na mzigo. Pale Himo mjomba alikanyaga mafuta, nami niliyekuwa nyuma niliona moshi hafifu ambao ulikoma kabla hatujafika kwenye matuta. Galoni ya akiba ilihamia nyumbani, ikabadilishwa kuwa ya mafuta ya taa ya jikoni.

Mjomba hata hivyo alikuwa amemimina chupa ya kusafisha ndani ya tangi siku ileile, pamoja na plagi mpya, oili mpya na sili mpya. Majirani walipomuuliza gari limepona vipi, aliwaonyesha chupa tupu, na najua kwa hakika kwamba wawili kati yao waliteremka Moshi kuitafuta.