Siku niliporamba ukuta

Juzi kijana wa atachmenti, mwanafunzi aliyeletwa kwangu ajifunze kazi, amenifuma nikiramba ukuta. Nilidhani niko peke yangu, yeye nimemuacha juu anahesabu boriti, kumbe ameshuka na zile ngazi za mawe zisizopiga kelele, nageuka namuona yuko mlangoni na tepu mkononi na mimi kidole bado kiko ulimini. Hakucheka. Akaniuliza kwa adabu zake zote, "Bosi, hiyo testi inaitwaje?" Manake alikuwa ashafungua daftari. Nikamwambia aende akamalize boriti zake.

Lakini siku ikawa ishaharibika, na kwa jirani walikuwa wanazima chokaa, wamwaga maji yale mawe yanguruma, na harufu yake ikaja mpaka ndani, ile kama ya mvua ya kwanza lakini yenye ukali wa kukwaruza koo. Bas nikarudi moja kwa moja 2007, kwenye ile nyumba ya Mkomani, hapa Lamu, ile yenye mkunazi uani.

Nilikuwa na diploma ya ujenzi, nimeitoa Mombasa, kama mwaka mmoja unusu hivi. Babangu alikitia cheti fremu akakitundika karibu na picha ya Makka. Mamangu akaniita injinia mbele za watu na mi sikumrekebisha, na wala diploma si uinjinia, yeyote aliyesoma atakwambia, lakini kupita mtaani ukaitwa injinia na wazee waliokaa barazani wallahi ni tamu kuliko halua.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kiamu aliyeolewa Mombasa, ataka nyumba ya marehemu babake irekebishwe iweze kulaza wageni. Kazi akanipa mimi kwa sababu nina karatasi na nilisoma na mwanawe. Fundi alikuwa yupo tayari, mzee mmoja wa Langoni, sitamtaja jina, mji mzima ukimwita Fundi na mi nikimwita Ami. Kusoma alikuwa anasoma Kurani tu. Akipima kwa dhiraa na shibiri, na nikimpa tepu huipokea vizuri kisha huiweka mfukoni.

Siku ya kwanza nikamwambia plasta tutapiga ya saruji, saruji moja kwa mchanga nne. Akaniangalia.

"Ya saruji?"

"Ndiyo Ami. Chokaa ni kazi ya miezi, na haina nguvu."

Nikamtajia na nguvu zenyewe, nyutoni kwa milimita mraba, baada ya siku 28, ule upuuzi wote. Akasikiza mpaka mwisho. "Haya, injinia." Hiyo "haya" ya hapa Lamu, kama wewe si wa huku utadhani umekubaliwa.

Tukapiga. Hiyo ilikuwa Agosti 2006. Punda walipanda na mifuko kutoka gatini asubuhi na jioni, vyumba vyote vikapigwa isipokuwa msana wa nyuma, kile chumba kirefu chembamba, kwa sababu mifuko ya mwisho ilirowa botini kuja kutoka Mokowe ikagandamana ikawa mawe, na pesa imeisha. Ami akasema huko nyuma mwachie yeye, ana chokaa yake shimoni imelala tangu mwaka uliopita. Nikamwachia, manake huko hakuna mgeni wa kulala. Kuta zangu zilitoka laini kama yai la kuchemsha. Nikapiga picha, ripoti ikaenda Mombasa na jina langu, sahihi yangu, na muhuri niliochongesha mwenyewe.

Sasa twende Machi 2007, wiki chache kabla ya Maulidi. Mwenye nyumba ashaahidi watu vyumba, wageni wanaokuja msikiti wa Riyadha si wa kuambiwa ngoja kidogo. Nafungua mlango, nyumba ilikuwa imefungwa tangu Januari, napokewa na harufu ya kitambaa kibichi. Washa taa. Kuta zote, kuanzia sakafuni mpaka kiunoni, zimevimba. Rangi imebambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua na supu, na kwenye nyufa umetoka unga mweupe, mwepesi, kama ndevu za mzee. Nikigonga, inalia debe tupu.

Nilizunguka na daftari siku mbili. Nikaandika bomba. Nikaandika dari linavuja, na mvua zenyewe hazijanyesha. Mwisho nikaandika mchanganyiko mbaya, na hapa ndipo pana aibu ninayoibeba mpaka leo, manake nilimwita Ami, na sikumwita nimuulize rai yake, nilimwita nimuulize vijana wake walichanganya vipi.

Alikuja baada ya alasiri. Alivua viatu pale dakani, nyumba yenyewe imejaa vumbi na misumari lakini akavua. Hakunijibu lile swali. Akautia ukuta mgongo wa kiganja, vile unavyomgusa mtoto mwenye homa, akauacha hapo kwa muda. Kisha akaanza kugonga kwa kifundo cha kidole, kutoka chini, tup, tup, tup, anapanda pole pole, mpaka mahali sauti ikageuka ikawa nzito, tap, akasimama, akatia alama kwa ukucha. Akasogea pembeni akaanza tena. Alama zake zote zilikaa kwenye mstari mmoja, ungedhani amepiga uzi. Mi nimesimama na daftari langu la bomba.

Akachota ule unga mweupe kwa kidole kidogo, akautia ulimini. Akatema pembeni.

"Ndoo," akaniambia. "Onda." Kiamu hicho, yaani njoo, onja.

Nilidhani anafanya mzaha. Nikamuangalia, uso hauna mzaha. Ni mtu wa umri wa babu yangu, sina la kusema. Nikachota, nikaramba. Nakumbuka baridi ya ukuta, nakumbuka muezini wa msikiti wa karibu anakohoa kwenye spika kabla ya adhana ya magharibi, nakumbuka nikiona haya kana kwamba kuna mtu dirishani. Halafu ulimi ukashika. Kali, ya samaki wa ng'onda.

"Chumvi," nikasema.

"Chumvi ya wapi?"

Nikanyamaza. Akangoja kama mwalimu wa chuo cha Kurani anavyongoja, na mimi nikazidi kunyamaza.

"Mai yapanda kwa tini," akasema. "Zamani yalitokea popote ukutani yakenda zake. Wewe umeuvika ukuta koti la mvua na kaskazi hini. Sasa watokwa na yasho mle ndani, mai hayaoni mlango, chumvi yabaki." Mai ni maji, tini ni chini, yasho ni jasho.

Akanishika mkono, kweli akanishika kama mtoto, tukazunguka mpaka msana wa nyuma. Ukuta ni ule ule, sisi tuko upande wake wa pili tu. Chokaa yake ilikuwa kavu, imepoa, na unga kidogo umemwagika chini kwenye sakafu. Akaniambia onda na huo. Nikaonja. Haukosi chumvi, lakini kidogo, hafifu. Akaufagia kwa mguu. "Na hii itakufa," akasema. "Miaka kadha utaikwangua upake nyingine. Yafa yeye, iwe labaki." Iwe ndio jiwe.

Sasa mjue kilichoniuma. Hakuna hata kimoja alichoniambia ambacho mi sikuwa nacho. Unyevu kupanda ukutani kwa njia ya kapilari, vile vitundu vyembamba vya ndani ya jiwe, nilijibu hilo swali nikapata alama zote, na mchoro nilichora, na mishale. Chokaa jinsi jiwe la matumbawe linavyochomwa, likatiwa maji, kisha likirudi ukutani linanyonya kaboni dioksaidi hewani linakuwa jiwe tena, ekwesheni zake tatu nilikuwa naziandika usingizini. Hata historia tulikariri, saruji ya Portland, Joseph Aspdin, Uingereza, 1824. Na ngome pale Mkunguni nimeipita tangu niko mgongoni kwa mamangu, na kila mtoto wa hapa aambiwa ilimalizika 1821. Miaka mitatu kabla! Sikuwahi kuziweka tarehe hizo mbili pamoja. Moja ilikuwa ya mtihani, nyingine ya mtaani, na baina yao hapakuwa na mlango.

Yaliyofuata nayafupisha manake hayapendezi. Tulibandua plasta yote, vifusi vikaondoka na punda wale wale. Wageni wa Maulidi walilazwa kwa watu. Mwenye nyumba alinipigia simu akasema maneno ambayo mtu mzima hasahau, na alikuwa na haki. Niliuza kompyuta. Ami akapiga kuta burashi kavu, akazifagia chumvi, akarudia tena, akaziacha uchi msimu mzima wa kusi zikipigwa na upepo, kisha ndipo akaanza chokaa, mkono mwembamba, siku kadhaa, mkono mwingine. Mi nilikuwa namchanganyia. Kwa siku alikuwa analipwa theluthi ya ninacholipwa mimi, na ripoti ya pili nayo ilikwenda na jina langu. Muhuri ule ule. Nilimwambia nitaandika na lake, akauliza la nini, mi nikafurahi kwamba ameuliza hivyo. Sijui kama mwanifahamu.

Lakini pia nisimfanye walii, manake kuna hili la tangi na kila nikilitaja kwa watu wanalikwepa. Mwisho wa kazi mwenye nyumba alitaka tangi la maji juu ya dari, lita 1,000. Ami akataka liwekwe katikati, ambapo bomba lingekuwa fupi. Nikamwambia Ami, maji lita elfu moja ni tani moja, imekaa pahali pamoja mchana na usiku, na hizi boriti ni za mikoko ya siku nyingi, nyingine mi mwenyewe nimezidunga bisibisi ikaingia. Akacheka. Akasema dari hilo limebeba harusi za wanawake mia wakicheza. Nikamwambia wanawake wa harusi watembea Ami, tangi halitembei. Tuligombana kweli siku hiyo, hatukuamkiana siku mbili, na safari hii mimi sikusema haya. Likawekwa pembeni, kwenye kona kuta mbili zinapokutana, na bomba refu.

Tangi liko pale pale mpaka leo na dari liko. Ami ashatangulia mbele ya haki, alikwenda akiamini nilimsumbua bure. Mi naamini kuna watu wamelala chini ya lile dari wakaamka. Hakuna kati yetu mwenye ushahidi, jambo ambalo halikutokea huwezi kulitia kwenye ripoti.

Kabla hajafa kulikuja kazi moja kubwa ya kukarabati, pesa nzuri, na fomu ikataka cheti, angalau tredi testi, ule mtihani wa mafundi, gredi ya tatu. Hakuwa nacho. Akaandikwa kibarua, chini ya vijana ambao wawili wao yeye ndiye aliyewafundisha kushika mwiko. Siku hizi nasikia kuna mpango wa kutambua ujuzi wa mtu ambaye hakukaa darasani, KNQA, ile mamlaka ya taifa ya kusimamia vyeti, ndio wenyewe, unapimwa unachokijua unapewa karatasi yako. Kitu kizuri, sikikatai. Huwa najaribu tu kumuona Ami amekaa kwenye kiti anapimwa, najiuliza aliyeketi ng'ambo ya meza ni nani, na kila nikimtazama vizuri ni mimi na muhuri wangu.

Haya, turudi kwa kijana wa atachmenti. Jana hakuniacha. Akaniuliza tena ile testi, safari hii ana kalamu kabisa. Ni mtoto mwerevu, diploma kama yangu lakini wao wana programu za kuchora kwenye simu, na wana kile kidude cha kupima unyevu chenye sindano mbili. Nikaona kheri, na mimi nilifundishwa hivi hivi. Nikampeleka chini ya dirisha, pale rangi ya kijani ya zamani imebambuka, nikachota, nikaramba, nikamwambia njoo onja.

Hakuja. Akasema, "Samahani bosi, hiyo rangi ni ya miaka gani?"

Nikamwambia ya zamani sana, labda hata mimi sijazaliwa.

"Si rangi za mafuta za zamani zilikuwa zatiwa madini ya risasi? Tulifundishwa hiyo. Ni sumu, yakaa mwilini."

Nikafikiria. Miaka hii yote nimeramba kuta ngapi. Nilifundishwa hata mimi, sasa nilikumbuka, lakini ilikuwa kwenye somo lingine.

Nikageuka kama naangalia uani, nikatema.