Kikopo cha pili

Tumbo la mama lilijaa maji hadi kanga ikawa haifungi. Alipopimwa damu, kile kipimo cha CA-125, kinachotumika kufuatilia saratani ya ovari, ambacho kwa kawaida hakivuki 35, kikaja 412. Kila mtu akasema saratani ya ovari, na shangazi akaninong'oneza tumrudishe Muheza asikatwe bure. Hasira ya ushauri ule bado ninayo. Kipimo hicho hupanda hata kwa TB ya tumbo, na mimi nililijua hilo baada ya upasuaji.

TB tuliiuliza mapema. Picha ya kifua ilisomwa na kompyuta, hizi programu za akili bandia ambazo Shirika la Afya Duniani lilizikubali mwaka 2021, ikatoa alama ndogo ya uwezekano wa TB. Kwenye faili pakaandikwa TB hana. Kompyuta haikukosea, mapafu yalikuwa safi. Ila ilionyeshwa kifua, na ugonjwa ulikuwa tumboni. Maji yaliyovutwa tumboni nayo hayakuonyesha kitu. Mara nyingi vimelea humo huwa vichache mno.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, mzee mstaafu wa maabara. Usiku wa kuamkia upasuaji aliniambia: "Mwanangu, kinyama watakachomkata kikishaingia kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, wadudu wamekufa, hawaoteshwi tena maabara. Omba vikopo viwili. Cha pili kisitiwe fomalini, kiwekwe maji ya dripu kidogo tu." Asubuhi nilimvizia daktari mlangoni, nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, Mungu ambariki.

Alipotoka aliniambia ovari ni nzima. Alijiandaa kukuta saratani, akakuta utando wa tumbo umetapakaa chembe nyeupe kama chenga za mchele. Kikopo cha fomalini walikipeleka wenyewe. Cha pili sikumwachia mtu: kinyama cha ukubwa wa punje ya hindi, na jina la mama limeshaanza kufutika kwa unyevu. Nikazungushia plasta kwenye kifuniko, nikaandika upya jina, namba ya faili na neno TB kwa maka peni, nikadandia bodaboda kabla maabara haijafunga. GeneXpert, mashine inayosaka vinasaba vya vimelea vya TB, hutoa majibu ndani ya saa mbili. Jioni ileile: TB ipo, na haina usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Majibu ya fomalini yalichukua karibu wiki tatu, yakasema hivyohivyo.

Vipimo na nauli vilitula kama laki tatu na kitu. Dawa ni bure: aina nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Usiku wa pili mama alinipigia akilia kwamba anakojoa damu. Ni rifampisini, hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Mwambieni mgonjwa wenu kabla hajameza kidonge cha kwanza. Mama alimaliza dozi Februari. Siku ya kuchukua vidonge vya mwisho, aliyemsindikiza ni shangazi.