Nilivyousaka mvumo katika stereo ya nyumbani

Mvumo ulijitokeza baada ya kuiunganisha stereo yangu na televisheni. Ulikuwa mzito na usiokoma, na ulinikera zaidi niliposikiliza taarab ya zamani kwenye santuri, ambamo udi huanza peke yake kabla ya fidla kuingia. Wengi hushauri waya za bei ghali, lakini niliona ni busara kujua kwanza kelele inatoka wapi, kwa sababu kila kelele hubeba dalili za asili yake.

Umeme wa Tanzania huzunguka mara 50 kwa sekunde, hivyo mvumo mzito wa kiwango hicho kwa kawaida hupenya kupitia waya za sauti au njia ya ethi, yaani waya unaounganisha kifaa na ardhi. Ukiwa mkali zaidi, wa mizunguko 100, kapasita za kusafisha umeme ndani ya amplifaya hushukiwa. Mlio wa kukatakata unaosikika muda mfupi kabla ya simu kuita hutokana na simu yenyewe, na dawa yake ni kuisogeza mbali. Wangu ulikuwa wa aina ya kwanza.

Nilizungusha kitufe cha sauti, na mvumo ukapanda na kushuka pamoja nacho; maana yake ulikuwa unaingia kabla ya kitufe hicho, kwani kama ungebaki vilevile ningeitilia shaka sehemu ya mwisho ya amplifaya. Kisha nilizima mtambo, nikachomoa waya zote za kuingizia sauti, nikauwasha tena, na spika zikawa kimya. Ni muhimu kuzima kwanza, kwa sababu kuchomoa waya mtambo ukiwa umewaka kunaweza kutoa kishindo cha kuharibu spika.

Nilirudisha vifaa kimoja kimoja. Pleya ya santuri ilileta mvumo hafifu, na nikakuta ule waya wake mwembamba wa ethi umelegea kwenye skrubu nyuma ya amplifaya. Waya huo haustahili kudharauliwa: sindano ya santuri hutoa takriban milivolti 5 tu, wakati pleya ya CD hufikia volti 2, na isitoshe amplifaya hukuza besi ya santuri kuliko sauti za kati, kwa hiyo hata uchafu mdogo wa umeme husikika.

Nilipoirudisha televisheni, mvumo ulirejea kwa nguvu zote, hata televisheni ikiwa imezimwa. Nilipochomoa waya wa dishi kutoka kwenye king'amuzi, ukakatika papo hapo. Dishi letu limefungwa juu ya paa na kuunganishwa na ardhi huko, ilhali amplifaya ina ethi yake kupitia plagi ya pini tatu. Njia hizo mbili za kwenda ardhini zilikutana kwenye waya wa sauti na kufanya mzunguko, na mkondo mdogo uliopita humo ndio niliokuwa nikiusikia.

Fundi mmoja alinishauri nikate ethi ya amplifaya. Ni kweli mvumo ungeisha, lakini nilikataa kabisa. Ethi ipo ili waya wenye umeme ukigusa bodi ya chuma, mkondo ukimbilie ardhini na fyuzi ikatike. Bila ethi, bodi hubaki na umeme hadi mtu aiguse, na nyumbani kwetu kuna watoto.

Badala yake nilitumia tundu la sauti ya mwanga lililoko nyuma ya televisheni. Uzi wake wa plastiki hupitisha mwanga, si umeme, hivyo mzunguko ule hauna pa kupita. Kwa kuwa amplifaya yangu ni ya zamani, nilihitaji pia kisanduku kidogo cha kuigeuza sauti ya kidijitali kuwa ya kawaida. Mtu asiye na televisheni yenye tundu hilo angeweza kusaidiwa na transfoma ndogo ya kutenganisha, inayowekwa kwenye waya wa sauti. Sasa nikisogeza sikio karibu kabisa na spika nasikia mchirizo mdogo wa amplifaya yenyewe, ambao kutoka kwenye kiti hausikiki.