Msiniambie "ongeza kinga": nilivyoishi na figo na kongosho vya mtu mwingine

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuambiwa niongeze kinga. Nimepandikizwa figo na kongosho siku moja, vyote kutoka kwa marehemu mmoja, hapa Minneapolis, jiji lilelile lililoanza upasuaji huo mwaka 1966. Kisukari cha utotoni kilishamaliza figo zangu. Kinga yangu ikipanda inawala wageni wangu, ndo maana nameza dawa za kuishusha kila siku.

Kabla ya hapo shida ilikuwa kingamwili, yaani askari wa kwenye damu wanaoshambulia kitu kigeni. Mimba tatu na damu niliyoongezewa uzazi wa pili vilifundisha mwili wangu kukataa chembe za watu, wakapima wakasema kati ya watoaji 100 ningewakataa 62, basi nikasubiri miaka. Siku yenyewe walichanganya damu yangu na chembe za marehemu, hazikugombana, nikaingizwa.

Sasa kisa. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji mama mdogo akaja kunisaidia, Mungu ambariki, kila asubuhi ananikamulia jagi la balungi. "Kunywa mwanangu, kinga ipande." Nikanywa siku nne kwa heshima. Mkono ukaanza kutetemeka, chai inamwagikia kwenye sahani, hata jina langu siwezi kuandika. Kwenda maabara, takrolimasi, ile dawa yangu ya kushusha kinga, imefika 19 kwenye damu wakati wanataka 8 hadi 10, na kreatinini, taka ambayo figo huchuja, imepanda. Nililia kwenye basi njia nzima nikijua mwili umeshakataa, maana kwa sisi wa viungo viwili vya mtu mmoja kreatinini ndo kengele ya figo na kongosho pia. Wakapima na lipesi, kimeng'enya cha kongosho, iko sawa. Nesi akaniuliza kitu kimoja tu, umeanza kula nini kipya? Kumbe balungi linazuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja hiyo dawa, inaingia kwenye damu nyingi kupita kiasi.

Na siku ya kupima usimeze dawa kwanza jamani, damu itolewe yakipita masaa 12 tangu dozi ya usiku, la sivyo namba inadanganya. Mimi dozi ya asubuhi naifunga kwenye pindo la kanga kama bibi alivyofunga hela zake, sifungui mpaka sindano itoke. Hiyo mbinu naringa nayo, haijawahi kuniangusha.

Nikamwambia, "Mama mdogo, kinga yangu nimeishusha makusudi." Akanyamaza, akalibeba jagi akalimwaga lote. Wiki iliyofuata namba ikarudi 9, na Jumamosi nikamsuka binti yangu mwenyewe, mistari imenyooka.